Kutumia Umeme Kuimarisha Misuli Iliyopooza: Mwongozo Kamili

Swali la kwanza si mashine gani ununue. Swali ni hili: neva inayouendesha msuli huo ingali nzima, au nayo imeharibika? Watu wengi huliruka. Wananunua mashine, wanabandika pedi za kupitishia umeme, wanaongeza nguvu hadi ngozi inachoma, msuli hautikisiki, kisha wanasema tiba yenyewe ni uongo. Wengine wanabandika pedi zilezile, na ndani ya dakika chache unyayo ambao haujanyanyuka kwa miezi unanyanyuka mbele ya macho yao. Tofauti haiko kwenye mashine, iko kwenye neva.

Kupooza ni kwa aina mbili

Amri ya kusogeza kiungo hutoka kwenye ubongo, hushuka ndani ya uti wa mgongo, kisha hupokelewa na neva inayochomoza kwenye uti na kufika hadi kwenye msuli. Njia hiyo inaweza kukatika juu, au ikakatika chini.

Ikikatika juu, kama inavyotokea kwa kiharusi, jeraha la kichwa, mtindio wa ubongo au kuumia kwa uti wa mgongo, neva ya chini hubaki hai. Imekosa tu wa kuiamrisha. Mashine za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya mgonjwa huyu. Umeme wake hauchochei msuli moja kwa moja. Unachochea matawi ya neva yanayoingia kwenye msuli, na neva ndiyo inayoukaza. Neva huamshwa na pigo la umeme fupi mno, la mikrosekunde 200 hadi 400, muda usiofikia hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Ikikatika chini, mambo hugeuka. Neva iliyokatwa na kisu, neva za begani zilizong'oka kwa ajali ya pikipiki, msuli uliopoteza seli zake zote za neva kwa polio: hapo hakuna neva ya kuamshwa. Nyuzi za msuli zenyewe zinaweza kujikaza kwa umeme, ila zinataka pigo refu, la makumi hadi mamia ya milisekunde. Mashine ya kawaida haina pigo hilo, hata uifungue hadi mwisho. Kuna mashine maalumu za kazi hiyo, zenye pedi kubwa, na ziendeshwe na mtaalamu, kwa sababu pigo refu huunguza ngozi upesi. Neva iliyoshonwa huota polepole, takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo jeraha la begani linaweza kuchukua mwaka na zaidi kabla neva haijafika mkononi.

Utazitofautishaje? Msuli uliokatiwa amri juu huwa na ukakamavu: mguu unarusha teke wenyewe, kiwiko kinajikunja, ukigonga chini ya goti mguu unaruka kupita kiasi. Msuli uliokosa neva hulegea kama kitambaa, hausisimki ukigongwa, na hukonda haraka. Dalili hizi zina mitego miwili. Wiki za mwanzo baada ya uti wa mgongo kuumia, mwili wote chini ya jeraha hulegea hata kama neva ziko salama. Pia neva iliyokatwa leo bado huitikia umeme chini ya pale ilipokatwa kwa siku kadhaa kabla haijafa, kwa hiyo jaribio la mapema linaweza kukupa matumaini yasiyo na msingi. Ndiyo maana uchunguzi wa daktari, na ikibidi kipimo cha usafiri wa umeme kwenye neva, hutangulia mashine.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo, aina zote mbili zinaweza kukaa ndani ya mwili mmoja. Pingili iliyopondwa huua seli za neva za pale pale, na misuli inayozitegemea hulegea moja kwa moja, huku misuli ya chini zaidi ikibaki na neva hai. Mtu aliyeumia shingoni anaweza kukuta misuli fulani ya mikono haiitikii umeme kabisa, ilhali mapaja yanaruka kwa nguvu. Pima kila msuli peke yake.

Na uso je? Uso unaopinda ghafla upande mmoja kwa hitilafu ya neva ya uso huwapata wengi, na wengi wao hupona bila umeme wowote. Usibandike pedi usoni nyumbani. Kinachotakiwa hapo ni daktari siku za mwanzo, kwa ajili ya dawa na kulilinda jicho lisilofumba.

Nani asitumie

Hapa sina huruma. Mwenye betri ya moyo au kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa asitumie mpaka daktari wake wa moyo aruhusu. Pedi zisiwekwe mbele au pembeni ya shingo, kwa sababu kuna mishipa inayodhibiti mapigo ya moyo na misuli ya koo, wala zisipangwe hivi kwamba umeme upite katikati ya kifua. Zisiwekwe juu ya uvimbe wa saratani, juu ya kidonda au ngozi yenye maambukizi, wala tumboni na kiunoni kwa mjamzito. Mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu asikazwe mguu huo, maana donge linaweza kung'oka likapanda kwenye mapafu. Ukiona mguu mmoja umevimba, una joto na kuuma kuliko mwenzake, acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa aanze mbele ya mtaalamu. Mfupa uliovunjika na haujaunga, hapana.

Chuma kilichowekwa ndani ya mfupa baada ya upasuaji huwatisha watu, lakini kwa mashine zinazotoa pigo la pande mbili, yaani linalokwenda na kurudi, mara nyingi si kizuizi. Uliza tu.

Kundi la kuangaliwa kwa makini ni walioumia uti wa mgongo kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake. Kwao, kichocheo kikali chini ya jeraha, umeme ukiwemo, kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla hadi kiwango cha hatari. Dalili zake ni kichwa kugonga kwa maumivu, jasho na wekundu usoni, pua kuziba na mapigo ya moyo kupungua. Zima mashine, mkalishe wima miguu ikining'inia, legeza mkanda na nguo, kagua kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Dalili zisipopungua ndani ya dakika chache, hiyo ni dharura ya hospitali. Shinikizo hilo linaweza kuleta kiharusi.

Mashine na pedi

Usidanganywe na ufanano. Mashine ya TENS ni ya kutuliza maumivu: inatoa umeme mfululizo bila kupumzika, na kazi yake ni kusisimua neva za hisia. Ya kukaza misuli huandikwa EMS au NMES, nayo hukaza, hulegeza, hupumzisha, kisha hukaza tena. Zipo zenye vyote viwili. Unapochagua, hakikisha unaweza kuweka mwenyewe vitu vinne: masafa, upana wa pigo, muda wa kukaza na kupumzika, na muda wa kupanda taratibu. Mashine yenye programu zilizofungwa tu, za kujenga tumbo la mwanamichezo, haikufai.

Pedi za kujibandika za sentimeta 5 kwa 5 zinatosha kigasha na muundi. Paja linataka kubwa zaidi, kama 5 kwa 9. Pedi ndogo kwenye msuli mkubwa huuma, kwa sababu umeme wote umebanwa kwenye eneo dogo. Kwa sababu hiyohiyo, pedi iliyobanduka nusu ni hatari kuliko iliyobanduka yote.

Namba zinamaanisha nini

Masafa, alama yake Hz, ni mapigo mangapi kwa sekunde. Chini ya 15 hivi msuli unatetemeka tu. Kuanzia 20 au 25 mtetemo unaungana na kuwa mkazo laini. Kadiri unavyopanda, nguvu huongezeka na uchovu huja haraka. Anza na 30 au 35. Sioni sababu ya kupita 50 kwa msuli uliopooza.

Upana wa pigo, unaopimwa kwa mikrosekunde, alama yake µs, ndio unaoamua, pamoja na nguvu, umeme utafika kina gani na utaamsha nyuzi ngapi. Kwa mkono anza na 200 hadi 250, kwa paja 300 hadi 400.

Muda wa kukaza na kupumzika ndipo wengi wanapokosea. Unapokaza msuli kwa hiari yako, nyuzi zake hupokezana zamu: hizi zinafanya kazi, zile zinapumzika. Mashine haijui zamu. Inaziamsha nyuzi zilezile kwa wakati mmoja, zikiwemo zile zenye nguvu zinazochoka upesi. Juu ya hapo, msuli uliokaa bila kazi kwa muda mrefu huwa umepoteza ustahimilivu wake. Kwa hiyo mwanzoni mpe kazi ya sekunde 5 hadi 10 na mapumziko ya sekunde 30 hadi 50. Baada ya wiki kadhaa, msuli ukiwa unamaliza kikao bila kudhoofika, punguza mapumziko hadi mara tatu ya kazi, kisha mara mbili.

Muda wa kupanda ni sekunde ambazo umeme unachukua kufika kilele. Sekunde 2 zinatosha kwa wengi. Mwenye ukakamavu mwekee 4 au zaidi, kwa sababu mvuto wa ghafla huamsha ukakamavu unaojaribu kuutuliza.

Nguvu, kwa miliampea, haina namba ya kunakili. Inategemea unene wa mafuta chini ya ngozi, ukavu wa ngozi na mahali pedi ilipo. Anayekwambia weka 40 bila kumwona mgonjwa anabahatisha. Angalia kiungo, si kioo cha mashine.

Kikao, hatua kwa hatua

1. Osha eneo kwa sabuni na maji, kausha. Mafuta ya kujipaka huzuia umeme na kuharibu gundi ya pedi. Nywele nyingi zipunguzwe kwa mkasi. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana ambayo umeme huitafuta.

2. Kagua ngozi, kisha pima hisia. Gusa kwa kitu chenye ncha na kisicho na ncha, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipotofautisha, hataweza kukwambia anaungua. Macho yako ndiyo yatakuwa hisia yake.

3. Mkalishe au mlaze hivi kwamba kiungo kinaweza kusogea na unakiona. Msuli unaokazwa chini ya blanketi hauwezi kurekebishwa.

4. Mashine ikiwa imezimwa na nguvu iko kwenye sifuri, bandika pedi, bonyeza kingo zake zote, kisha unganisha waya. Umbali kati ya pedi na pedi usipungue upana wa pedi moja.

5. Washa. Ongeza kidogo kidogo wakati mashine iko kwenye sekunde za kukaza. Ukiongeza wakati wa mapumziko hutaona kitu, utaendelea kupandisha, na mzunguko unaofuata utamrusha mgonjwa kwenye kiti.

6. Kwanza atahisi kutekenywa kama siafu, kisha msuli utacheza chini ya ngozi, kisha kiungo kitasogea. Simama pale kiungo kinaposogea vizuri bila maumivu.

7. Mwambie ajaribu kusogeza mwenyewe kila mashine inapokaza. Nitalirudia hili hapa chini, kwa sababu ndilo linalogawanya mazoezi na burudani.

8. Mwanzoni dakika 10 zinatosha. Mkazo ukianza kupungua ilhali nguvu ya mashine ni ileile, msuli umechoka. Maliza hata kama saa haijafika.

9. Rudisha kwenye sifuri, zima, ndipo ubandue pedi kwa kuanzia ukingoni. Usivute waya.

10. Tazama ngozi. Wekundu mwepesi ulioenea sawasawa unaoisha ndani ya saa moja ni wa kawaida. Vidoadoa vyekundu, malengelenge au wekundu unaodumu vinadai usimamishe na ubadilishe pedi au mpangilio.

Asitumie akiwa amelala usingizi, akiendesha gari au akiwa bafuni. Hili halihitaji maelezo.

Mahali pa kubandika

Katikati ya karne ya 19, daktari Mfaransa Duchenne de Boulogne aliona kwamba kila msuli una sehemu juu ya ngozi ambapo umeme kidogo tu unautosha. Ndiko tawi la neva linakoingilia msuli. Hadi leo kazi yote ya kubandika pedi ni kuitafuta sehemu hiyo. Picha za kwenye kijitabu cha mashine hukufikisha mtaani. Nyumba yenyewe utaitafuta kwa kusogeza pedi sentimeta moja moja. Kila ukitaka kusogeza, rudisha nguvu kwenye sifuri kwanza. Mashine nyingi zina waya mbili za rangi tofauti, na ule wa hasi, kwa kawaida mweusi, ndio unaoamsha neva kwa urahisi zaidi. Uweke kwenye hiyo sehemu. Pedi zikiwa sahihi lakini kiungo hakisogei vizuri, jaribu kubadilishana waya kabla hujakata tamaa.

Unyayo unaoburuta. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndio mfano mzuri wa kujifunzia. Mkalishe goti likiwa limekunjwa kiasi na kisigino kikigusa sakafu. Pitisha kidole upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, hadi uguse kifundo kigumu cha mfupa. Neva unayoitafuta inazunguka nyuma na chini tu ya kifundo hicho, karibu sana na ngozi. Pedi ya kwanza iweke hapo. Ya pili iweke kwenye nyama iliyo nje tu ya ukingo wa muundi, kama upana wa kiganja chini ya ile ya kwanza. Panda taratibu. Sasa tazama unyayo, maana utakuambia pedi zimekaaje. Ukinyanyuka moja kwa moja na kuelekea nje kidogo, umepata. Ukigeuka nje kwa nguvu, kidole kidogo kikitangulia, umeme umeelemea misuli ya pembeni: sogeza pedi ya juu mbele kidogo. Ukigeuka ndani, nyayo zikitaka kutazamana, ni hatari kwa mtu atakayekanyaga: rudisha pedi ya juu nyuma, au ya chini isogeze nje mbali na muundi. Sentimeta moja inatosha kubadilisha kila kitu. Ukishapapata, chora mzunguko wa pedi kwa kalamu isiyofutika upesi, ili kesho usianze upya.

Paja. Pedi moja juu, upande wa mbele kuelekea nje, kama kiganja kimoja chini ya kinena. Nyingine chini, kwenye nyama ya upande wa ndani juu ya pia ya goti. Nyama hiyo ya ndani ni sehemu ya msuli unaolinyoosha goti. Mlaze chali, weka taulo lililoviringishwa chini ya goti, na lengo liwe kisigino kunyanyuka kitandani. Onyo kwa waliopooza miguu kwa miaka: mifupa yao huwa imekuwa dhaifu, na mkazo mkali wa paja unaweza kuvunja mfupa karibu na goti bila wao kuhisi. Wapimwe mifupa kwanza. Usifunge mguu kwa mkanda ili kuuongezea upinzani, na acha nguvu ipande kwa miezi.

Kifundo cha mkono. Kigasha kilale juu ya mto, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni. Pedi ya kwanza vidole viwili vitatu chini ya mfupa wa nje wa kiwiko, ya pili katikati ya mgongo wa kigasha. Unataka kiganja kinyanyuke na vidole vifunguke. Vidole vikijikunja badala ya kufunguka, umeteleza kwenye misuli ya upande wa pili. Kiganja kikielekea upande wa kidole gumba, sogeza pedi kuelekea upande wa kidole kidogo. Kwa mwenye mkono uliojikunja ngumi baada ya kiharusi, kaza misuli ya kufungua, si ya kufunga. Ile ya kufunga tayari ina kazi nyingi.

Bega lililoshuka. Kwa baadhi ya wenye kiharusi, mfupa wa mkono huteremka kidogo kwenye kikombe chake na kuacha pengo linalotosha kidole. Pedi moja huwekwa juu ya mfupa wa bapa la bega, nyingine nyuma ya bega. Ukiona bega lote linapanda kuelekea sikioni, pedi imepanda mno shingoni, ishushe. Wiki za mwanzo baada ya kiharusi ndizo bora kwa hili. Bega lililoshuka kwa muda mrefu huwa gumu kurudi.

Kujaribu pamoja na mashine

Umeme peke yake utakuza nyama. Utapunguza kukonda, utaleta damu, unaweza kulegeza ukakamavu kwa muda. Lakini kwa mtu ambaye njia yake ya ubongo haijafutika kabisa, faida kubwa inakuja pale anapojaribu kusogeza kiungo sekunde ileile mashine inapokaza. Ubongo unatuma amri, kiungo kinatii, macho yanaona, hisia inarudi. Mgonjwa anayetazama runinga huku mguu ukiruka wenyewe anajenga msuli tu.

Kwa hiyo weka kitu cha kufanya. Mkono ukifunguka, kikombe kiwe mbele yake: mashine ikifungua vidole, akishike, ikipumzika, akiachie. Unyayo ukinyanyuka, aguse kwa vidole mkono wako uliouweka juu yake. Zipo mashine zinazosikiliza msuli kwanza, na kukaza pale tu mgonjwa anapotoa juhudi yake mwenyewe, hata kama juhudi hiyo haionekani kwa macho. Ukiipata, itumie. Usipoipata, sauti yako inatosha: "Sasa, nyanyua!"

Hatua ya juu zaidi ni umeme kufanya kazi ya kweli. Mwaka 1961 nchini Marekani, Liberson na wenzake walieleza kifaa kilichokuwa na swichi ndani ya kiatu: kisigino kikinyanyuka, umeme unaamsha neva ile ya pembeni ya goti na unyayo unanyanyuka, kisigino kikikanyaga, umeme unakatika. Vifaa vya leo vinavyofungwa chini ya goti hufuata wazo lilelile, ingawa vingi hutumia kipima mwendo badala ya swichi. Zipo pia baiskeli za kukaa ambazo umeme hukaza mapaja, makalio na nyuma ya mapaja kwa zamu ili miguu iliyopooza izungushe pedali yenyewe. Hizo ni za kliniki.

Ratiba

Wiki mbili za mwanzo: dakika 10 hadi 15, mara moja kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kisha ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike 30. Baada ya hapo unaweza kufanya vikao viwili kwa siku, asubuhi na jioni. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ama dakika, ama nguvu, ama kupunguza mapumziko. Ukiongeza vyote na msuli ukauma, hutajua ni kipi. Maumivu ya msuli kama ya aliyelima shamba, yanayoisha baada ya siku moja au mbili, ni sawa. Yakizidi, pumzika. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nyeusi baada ya kikao kikali, nenda hospitali upesi: msuli umevunjika na unachafua figo.

Wiki 6 hadi 8 za uthabiti ndipo uanze kudai matokeo. Lakini hesabu hiyo haina maana kama hujapima mwanzoni. Kabla ya kikao cha kwanza, andika daraja la nguvu kwa kipimo ambacho wataalamu wa fiziotherapia hutumia: 0 hakuna kitu, 1 msuli unacheza bila kiungo kusogea, 2 kinasogea kikiwa kimeegemezwa, 3 kinanyanyuka kushinda uzito wake, 4 kinashinda upinzani wa mkono wako kiasi, 5 kawaida. Pima bila mashine. Pima pia mzunguko wa paja kwa futi ya kamba, sentimeta 10 juu ya pia ya goti, kila mara mahali palepale. Chukua video fupi ya mgonjwa akijaribu. Andika na nguvu ya mashine iliyohitajika ili kiungo kisogee: ikishuka kutoka wiki hadi wiki, pedi zikiwa palepale, hiyo nayo ni habari njema.

Yanayoharibika

Pedi ndizo hufa kwanza. Zikikauka, tone la maji lililopakwa kwa kidole kwenye gundi huzirudishia uhai kwa vikao vichache. Zikianza kuchoma sehemu moja au kuonyesha nyufa, zitupe. Zirudishe kwenye karatasi yake ya plastiki kila baada ya kikao. Kila mgonjwa na pedi zake.

Msuli uliokuwa unaitikia ukikataa ghafla, usipandishe nguvu. Angalia betri, kisha waya, hasa pale unapoingia kwenye pedi, kisha badilisha pedi. Bandika kwenye kigasha chako mwenyewe kwa nguvu ndogo: ukihisi, mashine ni nzima. Ndipo umtazame mgonjwa. Homa, maambukizi ya mkojo, usiku asiolala, vyote hubadilisha mwitikio na kuongeza ukakamavu. Ukakamavu ukizidi baada ya kila kikao, rudi kwenye muda mrefu wa kupanda, punguza masafa, na umwonyeshe mtaalamu mahali unapobandika.

Na ikiwa tangu siku ya kwanza msuli haujawahi kutikisika, hata kwa nguvu iliyofika kikomo cha uvumilivu, na pedi umezizungusha kila upande, usisubiri wiki 8. Rudi kwa daktari na ombi moja mahususi: apime neva.

Msuli ukifika daraja la 3, anza kupunguza mashine. Siku moja mashine, siku moja mazoezi bila mashine ya mwendo uleule, kisha mashine mara mbili kwa wiki, huku ukipima kila Jumamosi kama daraja linashikilia. Likishuka, rudisha siku moja. Aliyekatika kabisa uti wa mgongo hana daraja la kufikia. Kwake vikao vitatu kwa wiki viendelee kama yanavyoendelea mazoezi ya kunyoosha viungo, kwa sababu nyama iliyojengwa kwa umeme huanza kukonda tena wiki chache baada ya umeme kuachwa.